Nishani kwa anayemrudishia mtu pumzi

Mhariri,

Vijana wanaojitosa majini kuokoa watu Likoni au ufuo wa Jomo Kenyatta wanastahili nishani, lakini pia yule anayeshughulika na aliyezama akishafika mchangani. Royal Humane Society, chama cha London kinachowatunuku waokoaji, kilichoanzishwa 1774, kilianza hasa kwa ajili ya kuwarudishia pumzi walioonekana wamekufa maji. Nishani zake za mwanzo hazikuwa za kuvaliwa. Ile ndogo ya kifuani, ya milimita 38, ilikuja 1869.

Huku kwetu bado wapo wanaomning'iniza mtu miguu juu au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Jamani, tuache! Matapishi hupanda yakaingia mapafuni, na muda wa kumpa hewa unapotea. Mlaze chali, inua kidevu, na kama hapumui, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi 5. Asipopumua bado, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kisha pumzi 2, uendelee hivyo hivyo hadi msaada ufike.

Na kabla ya kujitosa, tupa dumu tupu lenye kifuniko, limefungwa kamba. Anayezama humng'ang'ania mwokoaji wakazama wote.

Wenye nishani za zamani wasizisugue kwa majivu: jina lililochongwa hufutika, na ushahidi wa tendo hupotea nalo.

Wafuatiliaji wa uokoaji,
Mombasa