Kabla hujanunua lori la zege

Tororo

Swahiba yangu,

Assalamu alaikum, na salamu nyingi kwa mama watoto na wote hapo Arua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka yadi ya matofali ikue iwe kampuni kamili ya vifaa vya ujenzi, nami nafurahi kwelikweli. Ila umeanza na swali la lori la zege, nami nakujibu bila kuzunguka: lori hilo liache kwanza. Soko la zege lipo, lakini zamu yake ni ya mwisho. Kabla yake kuna bidhaa kadhaa zinazoweza kukuletea fedha kwa simenti ileile unayonunua sasa.

Hesabu ianzie kwenye mfuko. Simenti inayofika kwako imetoka viwanda vya huku Tororo au vya Hima, imevuka Nile pale Karuma, na bei yake imebeba mafuta ya njia nzima. Unakumbuka mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yakalazimika kuzunguka. Basi kila bidhaa mpya iulize swali moja: mfuko mmoja unanipa nini?

Chukua tofali lako la inchi 6 lisilo na tundu, lile la milimita 450 kwa 225 kwa 150. Likishindiliwa vizuri lina kilo kama 31. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni lita 35. Mchanga sehemu 8 ni lita 280, kilo kama 420. Ongeza maji, jumla inakaribia kilo 500. Gawa kwa 31: matofali 16. Fundi anayejisifu kutoa 40 kwa mfuko ametengeneza kilo kama 1,240 za tofali zenye simenti kilo 50 tu. Tofali hilo linakatika kona likishushwa kwenye lori, na aliyelinunua harudi tena. Tafadhali usianze kupanua kampuni juu ya tofali la namna hiyo, kwa sababu jina utakalolipata hapo ndilo litakalobeba bidhaa zote zinazofuata.

Toroli zisitumike kupimia, maana kila kijana hujaza kwa mkono wake. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kina 25. Hilo ni lita 35 kamili, yaani mfuko mmoja. Liweke chini, lijaze, lisawazishe kwa ubao, linyanyue. Halafu angalia unyevu: mchanga wa mto ukiwa mbichi kidogo huvimba, hata robo nzima, kwa hiyo sanduku linajaa hewa na mchanganyiko wa asubuhi baada ya mvua hautafanana na wa jana. Jaza kopo mchanga mbichi, umwage pembeni, mimina maji nusu kopo, rudisha mchanga ndani ukiukoroga, uone umeshuka kiasi gani. Hicho ndicho kiasi cha kuongeza. Na udongo je? Chupa ya kioo, mchanga nusu, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha itulie kwa muda wa saa tatu. Tabaka laini la juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe.

Sasa bidhaa. Kwa Arua, ya kwanza ningeichagua tofali la kushikana, la udongo na simenti, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono. Murram unayo jirani, na watu wamechoka kukata miti ya kuchomea matofali. Simenti ni asilimia 5 hadi 8 ya uzito, na tofali moja ni kilo kama 9, kwa hiyo mfuko unatoa kati ya 75 na 115. Siri iko kwenye udongo. Tengeneza kijisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta, jaza udongo uliolowa, kikauke kivulini wiki nzima. Sukuma udongo wote upande mmoja upime pengo. Pengo likiwa kubwa, mfinyanzi umezidi: ongeza mchanga au simenti, la sivyo tofali litapasuka ukutani. Yafunike kwa nailoni siku 7 za mwanzo. Wengi huyaanika juani siku hiyohiyo, na hapo ndipo nguvu inapopotea, kwa sababu simenti hukomaa kwa maji. Jua huikausha tu kabla haijamaliza kazi yake.

Ya pili ni vitofali vya pevingi. Hapa nunua simenti ya nguvu ya 42.5 (namba imeandikwa kwenye mfuko), ile ya 32.5 iachie plasta na kujengea. Unene wa milimita 60 ni wa uwanja wa nyumba na magari madogo, 80 ni wa malori. Kipande cha 200 kwa 100 huingia 50 kwa mita ya mraba, na kwa unene wa 60 mfuko hukupa kama mita mbili za mraba. Rangi iwe kilo 2 hadi 2.5 kwa mfuko, ipimwe kwa mizani na ichanganywe kavu kwanza. Kwenye meza ya kutetemesha usikae mno: uji wa simenti ukipanda na kujikusanya upande mmoja, kokoto zikabaki upande mwingine, kitofali kitabanduka uso ndani ya mwaka. Saa 24 kwenye kalibu, usikubali pungufu.

Lakini nakusihi, usiuze vitofali peke yake, uza pamoja na kupanga. Lawama nyingi za pevingi hazitoki kwenye kitofali, zinatoka chini yake. Fundi wa mtaani akimwaga mchanga wa sentimita 10 ili kuficha mabonde, gari likipita mara tatu matairi yanachora mifereji, na jina linaloharibika ni la aliyetengeneza. Murram ishindiliwe hadi sentimita 15, mchanga juu yake uwe sentimita 3 hadi 5 basi, ukingo ushikwe na zege, viungo vijazwe mchanga mkavu uliochekechwa. Kikosi cha watu watano na mashine ya kushindilia kitakuletea faida sawa na kiwanda chenyewe.

Kalvati, yaani bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara, ni biashara nzuri ila ina uzito wake, kwa maana zote mbili. Ya kipenyo cha milimita 600 yenye ukuta wa 75 hutumia zege mita za ujazo 0.16 kwa kila mita ya urefu, yaani simenti mfuko mmoja na kidogo, na inafika kilo 380. Ya 900 yenye ukuta wa 90 inakaribia kilo 670 na mifuko miwili. Kwa hiyo kabla ya kalibu, fikiria utazipakiaje: njia ya mteremko na kamba, au winchi. Kalvati inayosukumwa kutoka kwenye lori ikaangukia udongo hupata ufa usioonekana, utakaofunguka ikishazikwa. Mwambie mteja aweke angalau sentimita 60 za udongo ulioshindiliwa juu yake, na umwandikie hilo kwenye risiti.

Wanunuzi wake wakubwa ni wilaya na makandarasi. Wilaya inalipa, ila inachelewa, na itakukata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Mkandarasi binafsi ukimkopesha, VAT ya asilimia 18 ya ankara hiyo inadaiwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, awe amelipa au hajalipa. Kampuni nyingi za vifaa zinaangukia hapo, hali yadi imejaa mali. Kalvati zisichukue zaidi ya theluthi moja ya simenti yako ya mwezi.

Baada ya hapo ndipo ukaribie zege, kwa mlango wa pembeni: kodisha mikisa mbili za kuchanganyia zege, poka ya kulitetemesha, na nguzo za chuma za kushikilia slabu. Kila anayekodi, andika anamwaga mita ngapi za ujazo na yuko umbali gani. Daftari hilo ndilo litakaloamua juu ya lori. Lori la mita 6 likienda safari 3 kwa siku, siku 25, ni mita 450 kwa mwezi. Kama daftari halionyeshi kiasi hicho kwa miezi sita mfululizo, lori litalala huku benki inahesabu.

Na zege lenyewe halikusubiri. Kuanzia maji yanapogusa simenti una kama dakika 90. Lori likikwama kwenye tope la msimu wa mvua, au umeme ukikatika mtambo ukiwa nusu ya mzigo, zege linagandia ndani ya pipa na vijana wataingia na nyundo. Halafu kuna maji ya saiti. Fundi akiona zege zito, anaita jerikeni. Jerikeni 6 za lita 20 kwenye lori la mita 6 zinapandisha uwiano wa maji kwa simenti kutoka 0.50 hadi karibu 0.56, na nguvu inashuka waziwazi. Slabu ikipasuka, hakuna atakayekumbuka jerikeni. Utahitaji michemraba ya milimita 150 kutoka kila mzigo, ivunjwe siku ya 7 na ya 28. Kwa zege la nguvu ya 25, yaani nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, siku ya 28 mashine ya kuvunjia isome angalau kilonyutoni 563. Bila hayo huna cha kujitetea.

Ghala usilisahau: mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi 10 kwenda juu, iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ikipita miezi mitatu, ipeleke kwenye kazi nyepesi tu.

Nitumie uzito wa matofali matano ya wiki hii, picha ya chupa ya mchanga ikishatulia, na idadi ya mifuko uliyotumia mwezi uliopita ukiigawa kwa bidhaa. Nikishaviona nitakupangia vipimo vya kalibu za kuanzia, na tutajua kama fedha ya banda la kukomazia itatoka mfukoni au kwa mkopo.

Swahiba wako