Watoto wa vihamba mlioko ng'ambo, semeni uraia wenu kabla majina hayajaandikwa

Wanangu na wajukuu zangu wa Kilimanjaro mlioko Houston, London, Toronto na kwingineko,

Nawasalimu kwa jina la Mungu aliyewatunza huko mliko. Nawaandikia juu ya vihamba vya baba zenu, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili nimelikuta kikao baada ya kikao, ukoo huu na ule, Marangu, Kibosho na Rombo, na watu hulizungukia tu. Mzee anafariki, anazikwa kihambani, ukoo unakaa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, majina ya warithi yanasomwa. Likifika jina la aliyeko Marekani wote wanaitikia, aandikwe. Hakuna anayeuliza kama bado ni Mtanzania. Naye yuko kwenye simu, anasikia kila kitu, hasemi.

Ombi langu kwenu ni hilo. Semeni uraia wenu, na mseme wazazi wakiwa hai.

Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na sisi tuna haki ya kuimiliki na kuitumia kwa masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Sheria ya Uraia ya 1995 nayo inamwondolea uraia mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Ziweke sheria hizo mbili pamoja, utaona mtoto aliyeapa kuwa Mmarekani amesimama wapi siku baba yake anapofariki. Hapo haijalishi kama ni yeye aliyelipa ada za wadogo zake au aliyejenga nyumba ya matofali katikati ya migomba.

Wengine mnajitia hofu bure. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, hata akiwa amekaa huko miaka 30, bado ni raia wetu na anarithi kama sisi tuliobaki. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili ana nafasi mpaka afikishe miaka 18, kisha anatakiwa kuchagua. Kwa hiyo kaeni na watoto wenu mwawaeleze mapema, maana kijana asiyejua kwamba kuna uamuzi mbele yake atajikuta umri umempita.

Najua kwa nini mnanyamaza. Mnaogopa mama atalia, mnaogopa wajomba watasema mmeikana nchi. Nimewaona akina mama wakiambiwa ukweli huo. Wengine walilia kweli, kisha wakauliza wajukuu wanakuja lini. Uchungu wa mama huwa unapoa. Ugomvi wa ardhi mnawaachia watoto wenu, na wao hata hawakujuana utotoni.

Maana ukimya una siku yake ya kulipuka. Ndugu wakipatana, jina la asiye raia linaweza kukaa kwenye karatasi miaka mingi bila neno. Siku wakikosana juu ya mpaka au juu ya kodi ya mpangaji, ndugu yule yule aliyekuwa akijua siri ndiye anayekwenda kwa afisa ardhi kumsema mwenzake. Nimeshuhudia nyumba nzuri iliyojengwa kwa miaka ya kazi za usiku ikawa silaha mkononi mwa aliyekabidhiwa ufunguo.

Ninyi mlioondoka, wengi wenu ni watoto wa katikati. Mila yetu ilimpa mtoto wa kwanza sehemu yake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya baba, na wa katikati wakaambiwa wakatafute. Mkatafuta mpaka mkavuka bahari. Kwa hiyo mkidai kukumbukwa mnadai haki, nami nasimama nanyi. Lakini kukumbukwa si lazima kuwe kukatiwa kipande. Kihamba chenyewe ni ekari mbili au tatu, mara nyingi hata hazifiki. Kina kahawa, ndizi, miti ya kivuli, mfongo (mfereji wa maji) unaopita juu yake, na masale, mimea iliyopandwa mipakani na mababu. Mfumo huo wa kilimo ndio FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mwaka 2011 kule kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Ukikigawa kwa watu sita, wanne kati yao wasiokanyaga hapo mwaka mzima, unabaki na viwanja sita na hakuna kihamba tena.

Ninachoshauri ni hiki. Kihamba kiandikwe kwa raia, na kwanza atazamwe yule anayekaa pale, anayezibua mfongo na kumpeleka mama hospitali. Ninyi mliobadili uraia, sehemu yenu ithaminiwe, mpewe fedha au mpunguziwe mzigo mwingine wa familia, na mkubaliane kwa maandishi. Humo yaandikwe ambayo watu huona haya kuyataja: nani anafikia nyumba ipi akija Desemba, njia ya kwenda makaburini isifungwe, na kila mtoto wa mzee huyu, awe na pasipoti ya nchi gani, akifariki na akitaka kulala kwa baba yake, alazwe. Hilo la makaburi nalikazia kwa nguvu zangu zote. Nimeona jeneza limetoka Ulaya likisubiri watu wabishane getini, na sitaki kuliona tena.

Viwanja vya Moshi mjini vyenye hati, na mashamba ya mahindi kule tambarare, ni rahisi zaidi. Vinaweza kuuzwa na fedha ikagawanywa. Msivichanganye na kihamba katika mazungumzo.

Nawaonya juu ya hila moja. Usimwandikishe shemeji, rafiki wala mchumba ardhi yako kwa siri ukitegemea atakurudishia. Mwenye jina ndiye mwenye mali mbele ya sheria, naye ana warithi wake. Juu ya hadhi maalumu kwa diaspora, yaani kwa ninyi wenye asili ya hapa mliochukua uraia wa nje, najua mmelifuatilia suala hilo hadi lilipofika bungeni na kugusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Anayestahili aombe. Ila aishike kwanza mkononi, ndipo tuzungumzie jina lake kwenye hati. Tusiandike kwa matumaini.

Kuhusu mahakama nitasema machache. Bila cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo hamtafika mbali. Mirathi ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni. Kama hamwezi kuja, tumeni hati ya uwakilishi iliyosainiwa ubalozini au mbele ya mthibitishaji anayetambulika, tena itaje kazi mahususi. Ile aliyowahi kutoa baba akiwa hai ilikufa pamoja naye. Anayeendelea kuitumia anavunja sheria. Na msikae kimya mkidhani ardhi inawangoja milele, kwa sababu madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Halafu dada zenu. Bado nasikia vikao vinavyosoma majina ya wanaume tu, huku binti anayemuogesha baba amekaa jikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikwishaamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kule Bukoba ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Ninyi mlioko nje mnasikilizwa kwenye vikao kwa sababu ndio mnaochangia. Tumieni sauti hiyo kwa ajili yao, na kwa ajili ya mama mjane, asihamishwe kwenye nyumba yake akiwa hai kwa sababu yoyote ile.

Mtakaokuja Desemba hii, kabla ya kupanda ndege kila mmoja aandike ukurasa mmoja: mimi ni raia wa nchi gani leo, watoto wangu ni raia wa nchi gani, nataka nini katika kihamba na nini sikitaki, na nikifa nizikwe wapi. Usisubiri wengine waanze. Ukifika, msomee baba na mama kwanza, ninyi watatu tu, kisha kikao kiitwe wakiwa wameketi pale mbele na wanaweza kusema wanataka mali yao iende vipi. Muhtasari usainiwe na wote, na nakala abaki nayo mama.

Mzee wenu,
Marangu