Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wahasibu wenzangu,

Nawasalimu nyote. Mwaka huu kamati ilikutana mara sita, tuliwajulia hali wagonjwa wawili na tukachangia msiba wa mwenzetu kule Reading. Hayo mnayajua, na hesabu za mweka hazina mmeshagawiwa.

Niseme juu ya lililotugawa: kuahirisha chakula cha Desemba na kutumia pauni 2,150 kwa mafunzo ya iXBRL, yaani namna ya kuandika hesabu ambamo kila tarakimu hubeba lebo iliyofichwa inayosomwa na kompyuta. Imesemwa kwamba mwenyekiti kala sherehe ya watu. Kamati ilipitisha jambo hili kwa kura nne dhidi ya tatu. Kura ya nne ilikuwa yangu, na ningeipiga tena leo.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya kompyuta. Ndugu zangu, XBRL, lugha ya lebo iliyozaa iXBRL, iliasisiwa mwaka 1998 na Charles Hoffman wa Marekani, mhasibu kama sisi. Hapa Uingereza, tangu Aprili 2011, HMRC, mamlaka ya kodi, inataka hesabu za kampuni zinazoambatana na ritani ya kodi ziwe kwenye iXBRL. Wengi wetu tumeegemea fomu ya bure ya mtandaoni inayoweka lebo yenyewe. Fomu hiyo inafungwa 31 Machi 2026. Baada ya hapo ni programu za kununua. Programu itapendekeza lebo, lakini wa kumjibu mteja ni wewe.

Waliokuja Jumamosi ya kwanza ya mafunzo waliona kwa macho yao. Tulifungua hesabu za mkahawa mmoja, zilizoandaliwa na mwenzetu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Hasara ya mwaka iliandikwa (12,400), ndani ya mabano, kama tulivyofundishwa. Tukapeleka kipanya juu ya tarakimu, kisanduku kikafunguka: faida 12,400. Mashine haisomi mabano. Inasoma alama ya kutoa iliyofichwa nyuma ya tarakimu, na hakuna aliyekuwa ameiweka. Hesabu za pili ziliandikwa kwa maelfu, alama ya kuiambia mashine kwamba ni maelfu haikujazwa, na jengo la pauni 480,000 likasomeka pauni 480. Sisi tumezoea kukagua karatasi. Sasa ndani ya karatasi moja mna mbili, na ile tusiyoiona ndiyo inayolinganishwa na hesabu za mwaka jana kabla afisa yeyote hajaigusa. Nilihangaika wiki tatu kumpata mwalimu anayejua haya, na sioni haya kulisema.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko wanachama 64. Jumamosi ya kwanza walikuja 19, ya pili 11, ya mwisho sita, katika ukumbi wa watu arobaini tulioulipia kamili. Waliolalamika zaidi sikuwaona hata siku moja.

Na ada. Waliolipa pauni 60 zao ni 27. Waliobaki 37 wanadaiwa pauni 2,220. Fedha hizo zingekuwa mkononi, mafunzo yangefanyika na chakula kingeliwa, bila mtu kupigiwa kura.

Mungu akipenda, tutarudia mafunzo kabla ya Machi kwisha, na ikiwezekana tuwaalike wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam kwa njia ya mtandao. Chakula cha pamoja tutakitazama mfuko ukiruhusu. Mweka hazina atakaa pale mlangoni mpaka saa kumi na moja, na kitabu cha stakabadhi anacho.

Mwenyekiti