Kile kipele cha pembeni ya pua

Mwanangu mpenzi,

Unakikumbuka kile kipele changu ulichokuwa ukikitania kuwa ni chunusi ya uzeeni? Cha manjano hafifu, kina kishimo katikati, hakiumi wala hakiwashi. Kila nikinyoa nilikikata kwa wembe, damu ikachuruzika, nikabandika kipande cha karatasi, basi. Miezi minane hivyo, uzembe mtupu.

Daktari wa ngozi alikitoa, akakipeleka maabara. Majibu: uvimbe wa tezi za mafuta ya ngozi, kitu adimu. Kisha akaniuliza, "Kwenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo mpana?" Nikamtaja babu yako. Nikamtaja na shangazi yako, aliyefariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 46. Miaka yote tulilia misiba miwili. Kumbe mzizi mmoja.

Ni sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani kama hizo. Ikiambatana na vivimbe hivi vya ngozi huitwa Muir-Torre. Seli ikijigawa hukosea kunakili DNA, na zipo jeni za kusahihisha makosa hayo. Yangu moja, MSH2, ni mbovu tangu nizaliwe.

Mwaka 1895 huko Marekani, mshona nguo mmoja alimwambia Daktari Warthin kwamba atakufa mapema kwa ugonjwa wa tumbo au wa uzazi, kama ndugu zake. Ikawa hivyo: saratani ya mji wa mimba. Yule mama alikuwa na hesabu ya makaburi tu. Wewe unacho kipimo cha damu.

Uwezekano kwamba umeirithi ni nusu kwa nusu. Kaka yako amekutwa hana, lakini hilo halikupunguzii wala halikuongezei. Ukikutwa nayo, kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, huanza kati ya miaka 20 na 25, kisha kila mwaka 1 au 2, nawe una 24. Mimi nimeshafanyiwa, ile dawa ya kusafisha tumbo ina karaha kuliko kamera yenyewe. Waliondoa polipu mbili, vinyama vya utumboni, kabla hazijageuka saratani.

Na hili si neno la baba kwa binti, nivumilie: ukiona damu nje ya siku zako, usingoje mwezi wa pili.

Nimeambatisha ripoti yangu ya jeni. Mpe mshauri wa jeni siku ya Alhamisi, ili maabara wajue hasa wanatafuta nini. Nitakuwa nje, kwenye benchi.

Baba yako