Walio ugenini nao wapewe ukurasa wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mdogo wangu wa kike alipohamia Ubelgiji.

Wenye Kiingereza, karibu kila mji mkubwa wanaokwenda kuishi, wanakuta gazeti lao. Bruxelles kuna The Bulletin tangu 1962, Roma kuna Wanted in Rome tangu 1985, na Tokyo kuna Tokyo Weekender lililoanza 1970. Habari za sinema na migahawa zimo, nami huzipita. Ninazotulia kuzisoma ni kurasa za maisha: kupanga nyumba, kumwandikisha mtoto shule, kupata daktari, kulipa kodi. Mgeni anaelezwa mapema, kabla hajakwama.

Ubelgiji, anayekuja kukaa anatakiwa kwenda komini, yaani ofisi ya manispaa, ndani ya siku 8 za kazi tangu afike. Kisha polisi wa mtaa hupita kuhakikisha kwamba kweli anaishi pale, na hutazama jina kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Mdogo wangu hakuambiwa hilo na mtu. Sanduku la nyumba aliyopanga lilikuwa bado na jina la aliyehama. Polisi akaja, hakuona jina lake, akaondoka, makaratasi yakalala. Tena alikuwa ameshamlipa jamaa mmoja euro 50, aliyejidai kuzijua njia za komini. Kilichokosekana ni kipande cha karatasi na gundi! Mwenye gazeti la lugha yake angeyasoma hayo katika aya moja.

Nitaambiwa Wakongo tuna Kifaransa. Nani anacho? Mimi ninacho, nawe Mhariri unacho. Mama wa hapa Katuba anayewafuata watoto wake ugenini, aliyeacha shule mapema kwa kukosa ada, hana. Na si wote wa Lubumbashi wanaokwenda Ulaya. Watu wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Kitwe na Lusaka, Zambia, wengine wanashuka hadi Johannesburg, na huko Kifaransa hakimfikishi mtu popote ofisini. Wanaulizana kwenye makundi ya WhatsApp, ambako uzushi unasambaa kama habari ya kweli, na madalali wanaijua hiyo nafasi vizuri.

Magazeti yale ya Kiingereza yanaishi kwa matangazo ya shule za binafsi, bima na kampuni za kuhamisha mizigo. Watu wetu hawana mishahara ya wageni wale, lakini wanatuma pesa nyumbani, wanasafirisha mizigo kuja huku, wananunua sombe (majani ya muhogo) na samaki wakavu katika maduka ya Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, Bruxelles. Wenye biashara hizo wafuatwe waulizwe. Sijasikia kama kuna aliyewauliza.

Ninachoomba ni ukurasa mmoja kwa mwezi, kwa Kiswahili. Uandikwe na walio huko wenyewe, kila mmoja kuhusu mji anaoishi, na mwanasheria aupitie kabla haujatoka. Kila habari ibebe tarehe yake, maana masharti ya wageni hubadilika, na maelezo ya mwaka jana yanaweza kumpotezea mtu kibali. Muanze na Lusaka na Johannesburg. Wa Bruxelles mdogo wangu amekubali kuuandika, bila malipo.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi