Chui asingoje mwisho wa mwezi

Zuhura shoga yangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku Lamu hatujambo, kusi imeshika na vyombo vingi vimefungwa. Salamu nyingine baadaye, maana nina neno limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Ulisema paka wako Chui anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachutama, anajikamua, halitoki hata tone, na wewe unangoja mshahara ndipo umrudishe kwa daktari. Shoga, usingoje! Nimemuuliza yule daktari wa mifugo aliyekuwa amepanga kwa kina Salma. Aliweka kikombe chini. Paka dume akizibwa mkojo, sumu inarudi kwenye damu, na siku mbili tatu tu zinatosha kumuua. Na ile nusu ya Panadol uliyotaja, wallahi usithubutu. Kidonge kimoja cha mtu kinaweza kumuua paka, mwili wake hauwezi kuivunja dawa ile.

Najua bili ya kwanza bado inakukaba. Tena huko Uingereza hospitali ya serikali ni ya binadamu, mnyama hayumo. Lakini njia zipo. Shirika la hisani la PDSA liko tangu 1917, wanatibu wanyama wa watu wanaopata msaada wa serikali, na wewe tangu upunguziwe siku za kazi si unaupata? Wapigie leo, wape namba ya posta ya mtaa wako, maana wanaangalia pia unakaa wapi. Wakikataa, jaribu Blue Cross na RSPCA, nayo ni mashirika ya hisani ya wanyama. Na usiku ukikukuta, daktari wa wanyama wa huko anatakiwa ampe mnyama huduma ya kwanza na kumtuliza maumivu. Mwambie mapema una kiasi gani, omba kulipa kidogo kidogo. Akikuandikia dawa za kuendelea nazo, omba cheti ukazinunue penye nafuu.

Sasa hili la kuona haya kuomba sadaka kwa ajili ya paka, ndilo lililoniuma zaidi. Umemsahau punda wa babu? Mgongo umechubuka kwa kubeba mchanga wa ujenzi, kidonda kinanuka, nzi wamejaa. Tulimkokota mimi na wewe mpaka zahanati ya punda pale ufuoni. Wakamwosha, wakamkata nyama iliyooza, wakamdunga sindano, naye anatafuna ncha ya leso yako huku wewe unalia. Hatukutozwa hata senti. Zahanati ile Waingereza haohao waliifungua 1987. Babu hakuona haya, aliwaombea dua mpaka machozi yakamtoka. Basi nawe ukiwagongea mlango kwao, aibu iko wapi?

Mama amekuwekea achari ya maembe. Habari ya Kassim na wakwe zake ni ndefu, nitakupa siku nyingine, leo roho yangu iko kwa Chui.

Ameshakojoa? Anatapika? Anakula? Ile Panadol hukumpa, sivyo? Na kama ulimpa, utamwambia daktari ukweli? Wanataka kiasi gani? Nina elfu nane za chama, kaka yako anajua njia ya kuzituma, nizitoe?

Nijibu kwa sauti, hata iwe saa nane za usiku. Simu naiweka chini ya mto.

Shoga yako,
Mwanaisha