Vitanda vya watoto vya mitumba vikaguliwe kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme jambo linalozihusu familia nyingi za Mwanza zinazotarajia mtoto, hasa zile zinazotarajia mtoto wa kwanza, ambazo ndizo huwa na hamu kubwa ya kununua na uzoefu mdogo wa kuchagua. Mimi ni fundi seremala, na katika kazi yangu huletewa mara kwa mara vitanda vya watoto wachanga vilivyotumika Ulaya au Marekani, ili nivikaze, nivipige msasa na kuvipaka vanishi mpya kabla mama hajajifungua. Baadhi ya vitanda hivyo haviruhusiwi tena kuuzwa katika nchi vilikotoka, tena si kwa sababu vimechakaa, bali kwa sababu ya namna vilivyoundwa. Huku kwetu huuzwa ghali, wakati mwingine ghali kuliko kitanda kipya cha mninga kilichochongwa hapa hapa, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amepata kitu bora kwa kuwa kimetoka ng'ambo.

Aina ninayoikusudia zaidi ni kitanda chenye ubavu mmoja unaopandishwa na kushushwa. Muuzaji huusifu ubavu huo kwamba humwezesha mama kumtoa mtoto bila kuinama sana, na hilo ni kweli. Tatizo liko kwenye vishikizo vya plastiki na reli ambazo ubavu huo hupitia. Vikivunjika, vikilegea, au vikifungwa kinyume na mtu asiye na maelezo ya kiwandani, pembe moja ya ubavu huchomoka huku nyingine ikiwa bado imeshika, na kati ya ubavu na godoro hufunguka mwanya ambao mwili wa mtoto hupenya lakini kichwa hakipenyi. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilivihusisha vitanda vya namna hiyo na vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000, na kuanzia Juni 2011 utengenezaji na uuzaji wake ulipigwa marufuku nchini humo, vikiwemo vilivyokwisha kutumika. Lakini kitanda cha mbao nzuri huishi miaka mingi kuliko sheria inayokikataza, na kile ambacho jirani wa huko hawezi tena kukiuza mtaani kwake kinaweza kuingia kwenye kontena pamoja na makochi na majokofu.

Hata kitanda kisicho na ubavu wa kushuka kinahitaji kutazamwa kwa makini. Husafirishwa kikiwa kimefunguliwa ili kisichukue nafasi, na kinapofika hapa skrubu zimepungua, karatasi ya maelezo haipo na godoro lake limebaki kulikotoka. Fundi mwenye haraka huziba upungufu huo kwa misumari na waya, kisha mnunuzi hukatiwa godoro la sponji kwa kukisia. Yapo mambo mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima bila kumwita fundi. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6, kipimo ambacho ndicho kinachotakiwa Marekani, na kopo la kawaida la soda linatosha kukihakiki, kwani kopo likipita hapo, kiwiliwili cha mtoto nacho kinaweza kupita na kichwa kikanasa. Godoro nalo liwe gumu na likijaze kitanda. Vidole viwili vikipata nafasi ya kucheza kati ya ukingo wake na ubavu, godoro hilo ni dogo na halifai, hata kama kitambaa chake kinapendeza.

Rangi ya zamani inahitaji tahadhari ya peke yake. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda, na rangi nyingi za miaka ya nyuma zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wateja wangu hudhani kwamba kuikwangua kwa msasa kunaondoa hatari hiyo, kumbe kazi hiyo ikifanyika ndani ya chumba anacholala mjamzito, vumbi lake husambaa nyumba nzima. Kitanda chenye rangi inayobanduka ambayo hujui asili yake ni afadhali ukiache huko huko ulikokikuta.

Pamoja na vitanda huja vile vilalio vya mwinamo, ambavyo mtoto huwekwa kichwa kikiwa juu kuliko miguu, na ile mito myembamba ya kuzungushia kingo kwa ndani. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Akilala kwa mwinamo, kidevu humwangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni vilalio vyake vya Rock 'n Play vipatavyo milioni 4.7 kufuatia taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30, na mwaka 2022 Marekani ikatunga sheria ya kupiga marufuku vilalio vya mwinamo pamoja na mito hiyo ya kingoni. Madaktari wa watoto hushauri kitu rahisi kuliko hivyo vyote: mtoto alazwe chali, juu ya godoro tambarare na gumu, pasipo mto, pasipo blanketi zito na pasipo midoli.

Hata hivyo, kasoro ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi kwa mkoa wetu haimo katika sheria ya nchi yoyote. Vitanda hivi vilibuniwa kwa ajili ya watu wasio na malaria. Havina nguzo, havina hata tundu la kupitishia kamba, kwa hiyo hakuna mahali pa kufungia chandarua. Nimeona katika nyumba za wateja wangu wazazi wamelala ndani ya chandarua chenye dawa, na mtoto, ambaye ndiye dhaifu kuliko wote, amelazwa nje yake katika kitanda chake kizuri, kwa sababu tu chandarua cha wazazi hakikifikii. Wengine hununua kile chandarua kidogo cha mwavuli ambacho mara nyingi hakina dawa, na mtoto akigusana na wavu wake mbu humuuma akiwa nje. Serikali yetu humpatia mjamzito chandarua chenye dawa anapoanza kliniki, na mtoto naye hupatiwa chake anapofikisha umri wa chanjo ya surua ya miezi tisa. Sasa kwa nini tununue kitanda kinachokifanya chandarua hicho kikae kabatini? Anayekuja kwangu humwambia achague kati ya mambo mawili, ama tuongeze nguzo nne na fremu ya juu, ama kitanda kiwe kifupi na chembamba ili kiingie pamoja na cha wazazi chini ya chandarua kimoja kikubwa. Gharama ya nguzo hizo ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kitanda chenyewe.

Kuhusu vigari vya kusukuma sina mengi. Anayeishi Capri Point na kutembea juu ya lami kitamfaa. Anayeishi mlimani Mabatini, Igogo au Bugarika, ambako njia ya kufika nyumbani ni vijia na ngazi kati ya mawe, atajikuta amekibeba kigari kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili. Mbeleko hupanda kilima chochote. Tena kwa mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu, kitambaa cha kumfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ni sehemu ya tiba: utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa takriban robo.

Kigari cha kujifunzia kutembea, kile chenye magurudumu ambacho mtoto huketishwa katikati, ningependa kisiwepo kabisa. Kanada ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wake tangu mwaka 2004, hata vilivyotumika. Hakimharakishi mtoto kutembea, na kinaweza kumpeleka karibu mita moja kwa sekunde moja, kasi ambayo mama aliyeinamia sufuria hawezi kuiwahi. Katika nchi hizo hofu kubwa ilikuwa ngazi za ndani ya nyumba. Sisi tunazo ngazi za mawe nje ya mlango, na zaidi ya hapo jiko la mkaa liko sakafuni, ndoo ya maji iko sakafuni, na chupa ya chai ya moto iko juu ya kigoda.

Natambua kwamba wapo watakaosema fundi huyu anapigia debe bidhaa zake. Ningekuwa natafuta wateja tu, nisingeongeza kwamba familia nyingi hazina haja ya kitanda cha mtoto katika miezi ya mwanzo. Walio wengi mjini hapa wamepanga chumba kimoja au viwili, na mtoto atalala karibu na mama yake kama walivyolala wazazi wake. Kinachotakiwa ni godoro gumu, chandarua kilichochomekwa vizuri, mito iwekwe mbali na mtoto, na aliyelewa asilale kitanda hicho. Wala sipingi mitumba yote. Nguo za mtoto zilizotumika, zikifuliwa vizuri, zikaanikwa juani na kupigwa pasi, hazina ubaya wowote, na mtoto huziacha baada ya wiki chache tu kwa jinsi anavyokua.

Ninachokipinga ni mpangilio wa matumizi. Siku hizi hata hapa kwetu kuna bebi shawa zenye kamati, mweka hazina na kundi la WhatsApp la michango, na fedha hizo huishia kwenye maputo, keki, kigari na kitanda cha ng'ambo, wakati mjamzito mwenyewe hajakamilisha mfuko wa kwenda nao kujifungulia. Khanga na vitenge safi, glovu, mpira wa kutandika, pamba, vibanio vya kitovu, beseni, nguo za joto na kofia ya mtoto ni vitu ambavyo sera inasema baadhi yake mama asitozwe, lakini mwenye busara huulizia mapema kliniki anakohudhuria ni vipi atatakiwa kuja navyo. Kisha kuna nauli. Kwa walioko Ukerewe, Ukara au Kome, ambako safari ya kwenda hospitali kubwa hupitia majini, fedha ya akiba ya boti na mpango wa kuhamia karibu na kituo cha afya kabla ya siku kutimia ni bora kuliko kifaa chochote chenye magurudumu. Kila mwanakamati angeiandika pia kwenye simu yake namba 115, ambayo ni ya bure na ndiyo ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, mfumo ambao Sengerema ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoujaribu kwanza.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza naliwasilisha kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Shirika hilo limeweza kwa miaka mingi kukataza uingizaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, na wananchi tukaelewa. Linaweza vilevile kukataza vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushuka, vilalio vya mwinamo na vigari vya kujifunzia kutembea vilivyotumika, kwani kuvitambua hakuhitaji maabara. Mkaguzi mwenye macho na futi kamba anatosha. Vitanda vingi huwa na kibandiko chini ya fremu ya godoro kinachoonyesha mwaka na namba ya toleo, na orodha za bidhaa zilizoondolewa sokoni huwekwa wazi kwenye intaneti na mamlaka za Marekani na Uingereza, bila malipo. Mfanyabiashara anayeagiza kontena kwa simu yake hawezi kudai kwamba simu hiyo hiyo haimwezeshi kuzisoma.

Ombi la pili ni kwa wauguzi wa kliniki zetu, ambao wajawazito huwasikiliza kuliko wanavyomsikiliza mume au fundi. Wakati wa maelezo ya asubuhi, baada ya kuzungumzia lishe na dalili za hatari, wangetenga dakika chache kwa swali la mtoto atalala wapi na chandarua kitafungwa wapi, maana majibu ya swali hilo hupatikana wakati fedha bado haijatumika.

La mwisho ni kwa mafundi wenzangu. Ukiletewa kitanda chenye ubavu wa kushuka, usikubali kukibadilishia vishikizo ili kirudi sokoni kikionekana kipya. Mweleze mteja sababu, umpe bei ya mbao tu, kisha ukivunje, kwa kuwa mbao zenyewe huwa nzuri na kavu. Katika karakana yangu zimekwisha kuwa stuli, rafu za vyombo, na nguzo za kufungia chandarua.

Fundi seremala,
Igoma, Mwanza